Edwin Henderson, mwalimu wa michezo aliyepambana na mamluki

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, simu ya studio yetu hapa Bombambili huwa haitulii. Wengi wanaopiga hawaulizi nani ameshinda. Wanalalamika. Kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita ameonekana amevaa jezi ya shule. Refa ni ndugu wa kocha. Timu imepakiwa kwenye lori usiku kucha, imefika asubuhi ikiwa hoi, ikaingizwa uwanjani hivyo hivyo. Mamluki, mamluki, mamluki. Hilo ndilo neno tunalolisikia kuliko yote.

Katikati ya malalamiko hayo, msikilizaji wetu mmoja wa Namtumbo alituuliza jambo tofauti. Alitaka kujua kama huko Marekani, ambako michezo ya vyuo inajaza viwanja, nako kuna mamluki, na ni nani anayewadhibiti. Jibu fupi ni kwamba wamewahi kuwa nao, tena wengi. Jibu refu ndilo makala haya, na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye tumeona anastahili kufahamika Ruvuma hata kama hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Anaitwa Edwin Bancroft Henderson. Wamarekani humwita baba wa mpira wa kikapu wa watu weusi.

Kwanza tueleweshane kuhusu vyuo vya kule. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Kabla yake, mwanariadha wetu Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Katika vyuo kama hivyo michezo ni idara kamili. Ina mkuu wake, mkurugenzi wa michezo, ambaye ndiye huajiri makocha, hupanga ratiba, husimamia mapato ya mlangoni na hujibu pale mchezaji asiye na sifa anapochezeshwa. Wakurugenzi hao wana chama chao cha kitaaluma, kilichoundwa mwaka 1965. Rais wake wa kwanza alikuwa James Corbett, mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana.

Lakini miaka karibu 60 kabla ya chama hicho, kulikuwa na kundi dogo la walimu weusi mjini Washington waliokaa mezani na kujiuliza maswali yale yale: nani aruhusiwe kucheza, nani achezeshe, na pesa za uwanja zitoke wapi. Henderson alikuwa mmoja wao, akiwa na umri wa miaka 22 tu.

Kijana wa Washington

Alizaliwa Novemba 24, 1883, kusini-magharibi mwa jiji la Washington. Baba yake alikuwa kibarua wa kutwa. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma angali mdogo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani miaka 18 tu kabla ya kuzaliwa kwake, kwa hiyo wazee wengi aliowakuta mtaani walikuwa wameuonja wenyewe.

Washington ya wakati ule ilikuwa na watu weusi zaidi ya elfu 80, wengi kuliko jiji lingine lolote la Marekani. Walikuwa na shule zao, makanisa yao, maduka yao na chuo kikuu chao cha Howard. Lakini walitengwa. Shule za weupe zilikuwa upande huu, za weusi upande ule, na bajeti haikuwa sawa. Henderson alisoma sekondari iliyoitwa M Street, iliyosifika kwa walimu wake. Huko alicheza besiboli, akacheza mpira wa Kimarekani, akakimbia. Baadaye akaingia chuo cha ualimu cha Miner, akamaliza mwaka 1904 akiwa wa kwanza darasani.

Hapo angeweza kuwa mwalimu wa kawaida, na habari yake ikaishia hapo. Kilichobadilisha mambo ni mwalimu mmoja wa kike, Anita Turner, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo katika shule za weusi. Alimtia moyo aende Chuo Kikuu cha Harvard wakati wa likizo, kusomea elimu ya viungo chini ya Daktari Dudley Sargent. Henderson akaenda mwaka 1904, akarudi tena likizo za miaka iliyofuata. Aliporudi Washington akawa mwanaume wa kwanza mweusi nchini Marekani mwenye cheti cha kufundisha elimu ya viungo katika shule za umma.

Sisi watangazaji wa mikoani, ambao wengi wetu tumeanza na cheti tu, habari hiyo ya kusoma likizo hadi likizo tunaielewa vizuri.

Mchezo wa wasichana

Huko Harvard alikutana na mchezo uliokuwa mpya kabisa. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Naismith alitaka mchezo wa ndani utakaowashughulisha vijana wakati wa baridi kali bila kuumizana. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, wakaanza. Hakuna kikubwa zaidi ya hapo.

Henderson alirudi na mchezo huo nyumbani mwaka 1904 akiwa na shauku, na vijana wake wakaukataa. Waliona ni mchezo wa wasichana. Kwao wao, mwanaume wa kweli alicheza mpira wa Kimarekani, wa kuangushana na kuvunjana mbavu. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuwashawishi wavulana wa kijijini kucheza netiboli anajua Henderson alikuwa anaongea na ukuta wa namna gani.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Shule za weusi hazikuwa na kumbi za michezo. Mchezo wa ndani bila ndani unachezwa wapi? Basi kwa miaka kadhaa aliendelea na riadha na michezo ya nje, huku akitafuta njia.

Mwaka 1906

Mwaka 1906 sisi watu wa Songea hatuhitaji kukumbushwa. Februari ya mwaka huo Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa wa Majimaji, na kila Februari 27 tunawakumbuka. Uwanja wetu mkubwa wa mpira una jina la vita hivyo.

Upande wa pili wa dunia, mwaka huo huo, yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana.

La kwanza lilihusu vyuo vikubwa vya weupe. Mpira wa Kimarekani ulikuwa umefikia mahali pa kuua. Mwaka 1905 vijana kadhaa walipoteza maisha kutokana na majeraha ya uwanjani, hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa Harvard, Yale na Princeton ikulu kuwaambia warekebishe mchezo wao. Kutokana na msukosuko huo, Machi 1906 vyuo viliunda umoja wa kusimamia michezo, ambao mwaka 1910 ulichukua jina linalojulikana hadi leo, NCAA. Vyuo vya watu weusi havikupata nafasi ya maana humo kwa miaka mingi.

La pili lilifanyika kimya kimya Washington. Henderson na walimu wenzake, akiwemo Garnet Wilkinson, Robert Mattingly na William Joiner, waliunda umoja wa michezo wa shule za watu weusi wa majimbo yale ya katikati ya pwani ya mashariki. Shule zilitoka Washington yenyewe, Baltimore, Wilmington na hata Indianapolis huko mbali. Kutoka Washington hadi Baltimore ni kama kilomita 60, pungufu kidogo ya kutoka Songea hadi Namtumbo. Indianapolis ni safari nyingine kabisa.

Mei 1906 umoja huo uliandaa mashindano yake ya kwanza ya riadha katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Howard. Walikuja vijana wapatao mia moja.

Tunataka tukae kidogo hapa, maana watu wanapomsimulia Henderson hukimbilia mpira wa kikapu na kuruka jambo hili. Kwa maoni yetu hili ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Mpira unaweza kuletwa na yeyote mwenye mfuko wa kuubebea. Kilichokuwa kigumu ni makaratasi. Umoja ule ulijipa kazi ya kuweka masharti ya nani ana sifa ya kucheza, kufundisha waamuzi, na kutafuta viwanja na vifaa vinavyofaa. Wakati ule timu nyingi za shule na vyuo zilikuwa zikichezesha watu wasio wanafunzi. Walikuwepo hata wachezaji wa kuhamahama, leo chuo hiki, mwakani chuo kile, wakifuata penye chakula na malazi. Kwa lugha yetu ni mamluki tu.

Kwa nini jambo hilo lilimkera Henderson kiasi kile? Kwa sababu shule za weusi zilikuwa zikitazamwa kwa jicho la kutafuta kosa. Ukichezesha mtu wa mitaani, umempa adui wako sababu ya kusema kwamba hata kuendesha mechi hawawezi. Na pia, hili tunaliona hapa kwetu, kila mamluki mmoja anayeingia uwanjani anamtoa mwanafunzi mmoja halali aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Tuliwahi kutangaza mechi moja ya vijana ambapo beki mrefu wa timu moja alikuja kutusalimia baada ya filimbi ya mwisho akiwa na mtoto wake mkononi. Tulicheka hewani. Baadaye tulimkuta nyuma ya gari kijana aliyepaswa kucheza nafasi ile, akilia, na hatukucheka tena.

Mwalimu anatolewa mlangoni

Mwaka 1907 Henderson na rafiki yake, ambaye baadaye angekuwa shemeji yake, waliamua kwenda kutazama mechi ya mpira wa kikapu katika jengo la YMCA la weupe mjini Washington. Walikaa kwenye viti vya watazamaji. Hawakuwa wamekuja kucheza wala kugombana, walikuja kuangalia mpira. Mkurugenzi wa michezo wa jengo lile akawafuata, akawatoa nje.

Mwalimu aliyesomea Harvard, mwenye cheti, anayeujua mchezo ule pengine kuliko nusu ya waliokuwa ukumbini, akasimama barabarani.

Aliyoyafanya baada ya hapo ni ya mtu wa vitendo. Alianzisha ligi. Alipata ukumbi katika jengo la True Reformers, kwenye Mtaa wa U, jengo lililomilikiwa na chama cha kusaidiana cha watu weusi. Mechi zilichezwa Jumamosi usiku. Na kwa kuwa alijua wateja wake, baada ya mpira kulikuwa na muziki na dansi. Wavulana waliosema huu ni mchezo wa wasichana waligundua kwamba wasichana nao wanakuja kutazama. Ligi ikapata timu nane.

Desemba 1908 timu ya Crescent ya Washington ilikutana na Smart Set, klabu ya watu weusi ya Brooklyn, New York. Mechi za namna hiyo, mji kwa mji, zilikuwa mpya kwao. Msimu wa 1909 hadi 1910 Henderson mwenyewe alikuwa nahodha na mchezaji wa kati wa timu ya YMCA ya Mtaa wa 12, ile YMCA ya watu weusi. Hawakufungwa mechi hata moja. Walitambuliwa kuwa mabingwa wa mpira wa kikapu wa watu weusi.

Msimu uliofuata Chuo Kikuu cha Howard kiliamua kuwa na timu rasmi, na kikaichukua timu ile ya Mtaa wa 12 karibu nzima nzima. Msikilizaji atauliza: je, huo si umamluki? Tulijiuliza nasi. Wachezaji kadhaa wa timu ile walikuwa wanafunzi wa Howard kweli. Hata hivyo tusijifanye kwamba mipaka ilikuwa imenyooka kama ya leo. Ndiyo maana sheria zilihitajika.

Henderson hakuendelea kucheza. Desemba 1910 alimwoa Mary Ellen Meriwether, mwalimu mwenzake, na bibi harusi aliogopa mumewe asije akaumizwa uwanjani. Akamtaka aache. Mechi yake ya mwisho aliicheza Krismasi hiyo hiyo, na kuanzia hapo akabaki mwandaaji, mwamuzi na mwandishi.

Kitabu kidogo cha mwongozo

Kuanzia mwaka 1910 hadi 1913, Henderson na wenzake walitoa kila mwaka kitabu cha mwongozo cha umoja wao, kikachapishwa na Spalding, kampuni kubwa ya vifaa vya michezo. Ndani yake mlikuwa na matokeo, makala za ushauri na picha za timu za shule na vyuo vya watu weusi. Picha hizo ni hazina. Ukitaka leo kuona sura za vijana weusi wa Marekani wakiwa na mipira yao ya miaka ile, huko ndiko watafiti wanakokwenda kwanza.

Mwaka 1912, katika chuo cha Hampton jimboni Virginia, wawakilishi wa vyuo vitano vya watu weusi walikutana: Hampton, Howard, Lincoln, Shaw na Virginia Union. Wakaunda chama cha michezo cha vyuo, CIAA, ambacho kipo hadi sasa. Herufi ya kwanza ilisimama kwa neno la Kiingereza la wakati ule la kuwaita watu weusi. Mwaka 1950 ikabadilishwa iwe ya neno la katikati. Herufi zenyewe zikabaki zile zile, hakuna aliyelazimika kubadili mhuri. Henderson hakuwa miongoni mwa waasisi waliokaa Hampton. Lakini kazi waliyoianza, ya kuweka masharti ya uchezaji na kuwabana wachezaji wa kuhamahama, ilikuwa ile ile ambayo umoja wa shule ulikuwa umeishika kwa miaka sita.

Baadaye alisaidia kuunda bodi ya waamuzi weusi. Hili nalo lilikuwa na sababu yake. Timu za weusi zikikutana, mara nyingi refa aliyepatikana hakuwa na mafunzo au alikuwa shabiki wa upande mmoja. Bodi ikaanza kuwapa watu mafunzo na mitihani. Vizazi vya waamuzi waliochezesha mechi za vyuo vya watu weusi mashariki mwa Marekani vilipita humo.

Miongoni mwa vijana waliokulia katika michezo ile ya shule za Washington alikuwemo Charles Drew. Kabla ya kusomea udaktari, Drew aliajiriwa na chuo cha Morgan huko Baltimore mwaka 1926 kuwa mkurugenzi wa michezo, huku akifundisha biolojia na kemia. Dunia inamkumbuka kwa kazi yake ya kuhifadhi damu na kuanzisha benki za damu, kwa hiyo mama anayeongezewa damu leo katika hospitali ya mkoa anamdai shukrani kidogo. Wachache wanajua kwamba alianza kwa kuhesabu jezi.

Nyumbani Falls Church

Baada ya kuoana, Edwin na Mary Ellen walihamia Falls Church, mji mdogo wa Virginia nje kidogo ya Washington. Kila siku Edwin alikwenda mjini kufundisha na kurudi.

Mwaka 1915 baraza la mji huo lilipitisha sheria ndogo ya kugawa maeneo, weusi waishi huku na weupe kule. Henderson na jirani yake Joseph Tinner, fundi wa mawe, wakawakusanya wenzao, wakaunda kamati, wakaifikisha halmashauri mahakamani. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka Kentucky, kwamba sheria za namna hiyo ni batili. Sheria ya Falls Church ikafa nayo. Mwaka uliofuata kamati ile ikawa tawi la NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, na likawa tawi lake la kwanza la vijijini.

Tunalisema hili la vijijini kwa kusudi. Watu wengi hudhani mapambano ya namna hii ni ya majiji. Yalifanywa pia na fundi mawe na mwalimu wa mazoezi ya viungo, katika kijiji ambacho kila mtu anajua mlango wako ulipo. Na walimjua. Alipokea vitisho kwa barua na kwa simu, vingine vya watu wa Ku Klux Klan.

Naye alikuwa mtu wa barua. Katika maisha yake aliandika barua zaidi ya 3,000 kwa wahariri wa magazeti, nyingi zikichapishwa. Ubaguzi katika viti vya gari la abiria, katika sinema, katika viwanja vya mpira, yote aliyaandikia. Leo tungesema alikuwa haachi kupiga simu studio.

Mary Ellen hakuwa wa kukaa pembeni. Alikuwa mkuu wa shule ya vyumba viwili ya watoto weusi pale Falls Church, na mwaka 1938 alikaa na takwimu akalinganisha fedha zilizotumika kwa watoto weupe na kwa watoto weusi. Kazi ile ilichangia kupatikana kwa shule mpya, iliyofunguliwa miaka kumi baadaye. Leo shule ya kati ya mji huo ina jina lake.

Mkuu wa elimu ya viungo

Kuanzia miaka ya 1920 Henderson aliongoza elimu ya viungo katika shule zote za weusi za Washington. Kwa cheo na kwa kazi, hapo ndipo alipofanana zaidi na wakurugenzi wa michezo wa vyuo. Alipanga walimu, viwanja, ratiba na mashindano, akiwa na bajeti ndogo kuliko ya mwenzake wa upande wa weupe. Huku anafanya kazi akasoma tena, akapata shahada Howard mwaka 1930 na ya uzamili Columbia miaka minne baadaye.

Mwaka 1939, kwa kuhimizwa na mwanahistoria Carter Woodson, alitoa kitabu kuhusu watu weusi katika michezo. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameikusanya habari hiyo yote mahali pamoja.

Katika miaka ya 1940 aligeukia viwanja vyenyewe. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wa Washington ulioitwa Uline uliowabagua watu weusi. Henderson na wenzake waliandamana nje ya milango yake na kuhimiza watu wasinunue tiketi, mpaka mwaka 1948 ukafungua milango kwa wote. Alipambana vilevile na chama cha michezo ya ridhaa ili mabondia weusi wa jiji waruhusiwe kupigana na weupe katika mashindano ya ubingwa.

Kuna jambo moja ambalo sisi hatukubaliani naye moja kwa moja. Henderson aliamini kwa miaka mingi kwamba mweusi akishinda uwanjani kwa haki, mweupe atalainika moyo. Michezo ilifungua milango, ndiyo. Mwaka 1957 chuo cha watu weusi cha Tennessee A&I, chini ya kocha John McLendon, kilitwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa vyuo vidogo, kikarudia mara mbili mfululizo. Wachezaji walewale walipotoka uwanjani bado hawakuweza kukaa katika hoteli wanazozitaka kusini mwa nchi. Makofi ya watazamaji hayakubadilisha sheria. Zilizobadilisha sheria ni kesi, maandamano na barua, na hizo nazo Henderson alikuwa akizifanya muda wote. Pengine moyoni alilijua hilo kuliko alivyoliandika.

Alistaafu mwaka 1954, baada ya miaka 50 ya kufundisha. Ni mwaka ule ule ambao Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Mfumo wa shule mbili alioufanyia kazi maisha yake yote ulivunjwa kisheria wakati yeye anakusanya vitu vyake mezani. Hakupumzika sana; mwaka uliofuata alichukua uongozi wa NAACP katika jimbo zima la Virginia.

Mwaka 1965, ule ambao wakurugenzi wa michezo wa vyuo waliunda chama chao, yeye na Mary Ellen walihamia Tuskegee, Alabama, kuishi karibu na mtoto wao. Alikuwa na miaka 81. Alifariki huko Februari 3, 1977, siku mbili kabla ya TANU na ASP kuungana kuwa CCM hapa kwetu, akiwa na umri wa miaka 93.

Kwa muda mrefu jina lake lilibaki kwa ndugu na watafiti wachache. Mjukuu wake ndiye aliyechukua maboksi ya karatasi na picha za babu, akaanza kuandikia wakubwa wa mpira wa kikapu mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 Henderson aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, lililopo Springfield, mji ule ule ambako Naismith alitundika vikapu vya matunda. Ilikuwa miaka 106 tangu atolewe nje ya mechi kwa rangi yake.

Na chuo cha Miner alikosomea ualimu? Kiliunganishwa na vingine, na leo kinahesabiwa kuwa mzizi wa chuo kikuu cha umma cha jiji la Washington. Februari 2022 chuo hicho kilikipa kituo chake cha michezo jina la Edwin Bancroft Henderson. Wanafunzi wanaoingia kucheza mpira wa kikapu wanapita chini ya jina hilo, na ofisi ya mkurugenzi wa michezo wa chuo ndiyo inayokagua kwanza kama kila mmoja wao kweli ni mwanafunzi. Msikilizaji wetu wa Namtumbo, hilo ndilo jibu refu.